Kome wa Mtungini Amefungua Mdomo

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri, mvua hakuna, upepo wa kutikisa jani hakuna. Nimeamka na roho nzito.

Kome wa mtungini amefungua mdomo tena.

Kwetu mwali akiolewa hupewa kome hai kutoka mtoni, amtie kwenye mtungi wake. Anakaa chini mchangani, magamba yake mawili yamebana, na maji yanatulia, yanang'aa. Wageni hutucheka. Nawaacha wacheke, maana wakimaliza huomba maji.

Wangu nilihama naye. Siku lori lilipotuleta hapa kijiji cha ujamaa, nilimpakata ndani ya ndoo njia nzima. Juzi walipiga dawa pamba ya shamba la kijiji, kisha wakaoshea mabomba bwawani, pale pale tunapochota. Jana nikamkuta wazi, nyama imelegea.

"Amezeeka huyo, mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Chukua mwingine."

Nikachukua mwingine bwawani. Leo asubuhi naye yuko wazi.

Tumebadilisha kome. Maji hatukuyabadilisha.

Nimerudi bwawani. Siku zote ukitia mguu unasikia tope linapumua, kome wanajifunga mmoja mmoja. Leo nimekanyaga, hakuna aliyejifunga. Wamelala wote midomo wazi, wamenielekea. Chura kimya. Na maji ni safi, sijawahi kuyaona safi namna hii. Nimeogopa, nasema kweli, nimeogopa maji.

Njiani nimekutana na bwana shamba, baiskeli yake imefungwa bomba nyuma. Nikamwambia kome wamekufa.

"Dawa ni ya wadudu, mama Elina. Binadamu haimdhuru."

Nikamwambia kome naye si mdudu wa kula pamba, mbona amekufa. Akacheka kwa upole, akapanda baiskeli yake. Si mtu mbaya. Hiyo ndiyo inayonitisha zaidi.

Nimefika nyumbani nimemwaga mtungi wote uani. Kuku wamekuja mbio, wakasimama ukingoni mwa maji, wakaondoka bila kunywa. Mama mkwe alikuwa anachambua mtama. Hakunigombeza. Ameuliza taratibu tu kama mtoto ameshakunywa.

Ameshakunywa. Asubuhi, kabla sijachungulia mtungini. Alimaliza kikombe, akaomba kingine, nikampa.

Kesho kabla ya jua nakwenda kwenye mahame yetu, kule tulikohamishwa, kuchota maji ya kisima cha zamani. Mwenyekiti amekataza mtu kurudi kule. Atanikuta njiani na ndoo kichwani, aseme atakachosema.

Naandika haya nimekaa kando ya Elina. Amelala tangu mchana, na yeye si mtoto wa kulala mchana. Nimemwita mara kadhaa, anaguna tu.

Amelala chali, mdomo wazi. Hivi siku zote hulala hivi?