Sanda Kutoka Minazini

Jumatatu, 13 Januari

Kisimani tena tangu alfajiri. Ndoo mbili, za mwisho kwenye foleni, kama siku zote. Kisima kiko Minazini, na watu wa Minazini huchota kwanza hata wakichelewa. Sheria hiyo haikutungwa na mtu. Tumeikuta.

Leo Mwanaidi, niliyesoma naye darasa moja miaka minne, alifika baada yangu akachota kabla yangu. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, nikasogea chini ya mnazi wao. Akaniangalia akacheka: "Nyie wa Mabandani hata kivuli mnaazima!" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa, kwamba nilicheka.

Mchana nilisuka ukili wa mikeka na Bibi. Nimemaliza kidato cha nne, matokeo bado. Baba yuko Nyamisati anapakia boriti, hurudi Ijumaa.

Alasiri alipita balozi. Barabara inapanuliwa. Stendi na soko vitajengwa hapa petu, Mabandani yote itabomolewa. Mwenye ardhi atapewa kiwanja kando ya barabara mpya. Asiye na ardhi ataondoka. Alisema hivyo hivyo, kisha akaomba maji ya kunywa.

Jumatano, 15 Januari

Nimemwuliza Bibi kwa nini kwetu hakuna mti hata mmoja. Nimezaliwa hapa na sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni mchanga mbaya.

Si mchanga. Wazee wetu waliletwa na Mwinyi wa kwanza, mwenye shamba la Minazini, walime minazi yake. Walinunuliwa. Neno hilo Bibi hulitamka chini chini, kama tusi. Utumwa ulipokwisha hawakuwa na kwao pa kurudi, wakaambiwa jengeni mabanda pale nje ya shamba. Mihogo ruhusa. Mpunga ruhusa. Chochote kinachong'olewa mwaka ukiisha, ruhusa. Mnazi, mwembe, msingi wa mawe, marufuku. Mti ni ushahidi. Aliyepanda ndiye mwenye mahali.

Babu aliwahi kuotesha mnazi nyuma ya choo. Ulipofika magotini watu wa Mwinyi wakaja, wakamwamuru aung'oe mwenyewe. Akaung'oa. Bibi akawapikia chai.

Hizo hazikuwa enzi za Waarabu. Nchi ilikuwa imeshapata uhuru, Bibi ameshaolewa.

Nina hasira na Babu. Nina hasira na ile chai.

Jumanne, 21 Januari

Afisa ardhi amekuja. Kijana wa bara, mpole, jasho linamtiririka. Alifuatana na Mwinyi wa sasa. Huyu naye ni mzee nadhifu, anasalimia mpaka watoto. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali.

Walikaa barazani kwetu. Afisa akauliza, "Bibi, hapa ni kwako?"

Bibi akasema, "Kwangu wapi, mwanangu? Sisi wakaribishwa tu. Wenyewe ndio hawa."

Hivyo ndivyo tunavyosema. Mtu akisifu nyumba yako unamwambia ni kibanda tu. Akisifu chakula unamwambia hakina chumvi. Mwenye adabu hajisemei changu mbele ya mkubwa. Lakini yule wa bara hakuijua adabu yetu, alisikia maneno tu, akayaandika. Mwinyi aliinama akitazama mchanga kama hakusikia.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Nilielewa palepale. Sikufungua kinywa.

Walipoondoka nilimpandishia Bibi sauti, mara ya kwanza maishani. Akaniuliza, "Ulitaka nimwambie Mwinyi, usoni kwake, kwamba pake ni pangu?"

Ndiyo. Ndicho nilichotaka.

Jumatano, 22 Januari

Nimepita nyumba kwa nyumba. Wote walimjibu afisa vilevile. Wote.

Alhamisi, 23 Januari

Afisa alikuwa dukani anakunywa soda. Nilizunguka lile duka mpaka mwenye duka akaniuliza nimepoteza nini. Mwishowe nikamwamkia afisa. Ilibidi nirudie swali mara tatu maana sauti haikutoka. Nilimwuliza mtu asiye na mti anaonyeshaje kwamba mahali ni pake.

Akasema vinavyotazamwa ni vitu vya kudumu. Miti, misingi, makaburi.

Makaburi!

Makaburi tunayo. Yako nyuma ya nyumba zetu, yamejaa. Yako huko kwa sababu makaburi ya Minazini hayapokei watu wetu, hayajawahi. Walitubagua, na kumbe kwa kutubagua wametupa ushahidi. Babu yuko pale, na wazazi wake. Mama yuko pale.

Nimerudi nikikimbia. Nina furaha mbaya, furaha ya kumshinda mtu.

Ijumaa, 24 Januari

Baba amerudi, mabega yamechubuka. Nilimweleza. Akasema, "Utasema wewe." Nikamwambia yeye ndiye mkubwa. Akasema yeye akisimama mbele ya Mwinyi magoti yanajikunja yenyewe. Alisema huku anacheka, lakini hakuwa anatania.

Jumapili, 26 Januari

Mkutano. Minazini kwenye viti. Sisi kwenye mikeka, tena tuliyoisuka wenyewe.

Nilisimama. Nilisema makaburi yetu yako pale tangu mababu wa babu zetu, kwamba mti unang'olewa lakini kaburi haling'olewi, na kwamba kama kaburi ni ushahidi basi Mabandani ni petu. Wanawake wetu wakapiga vigelegele. Afisa akatikisa kichwa kukubali. Kwa kitambo kidogo nilikuwa na kiwanja. Nilimwona Bibi ananitazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia.

Ndipo Mwinyi akainuka, polepole, akanipongeza kwanza. "Huyu mtoto kasoma, na kasema kweli. Sasa mwulizeni. Sanda zilitoka kwa nani?"

Akifa mtu Mabandani, sanda hutoka kwa Mwinyi. Ni desturi ya tangu utumwani, bwana ndiye amvikaye mtumwa wake. Siku hizi sanda tunaweza kuinunua wenyewe, lakini ikiletwa hairudishwi. Kurudisha sanda ni kumtukana aliyeileta na kumvunjia maiti heshima. Sanda ya Mama niliipokea mimi mlangoni, nikiwa darasa la sita. Nikasema ahsante.

"Anayemvika maiti ndiye mwenye maiti," akasema Mwinyi. "Hao ni watu wangu. Makaburi ni yangu."

Bibi akainuka kwenye mkeka. "Watu wako! Mbona makaburini kwenu hamkuwataka?"

Wetu wakacheka, na baadhi ya vijana wa Minazini pia. Mwinyi hakukasirika. "Bi Sikudhani, hayo ni ya zamani. Leo nawataka."

Afisa akawauliza wazee wetu kama habari ya sanda ni kweli. Wangeweza kukana. Lakini nani atasema uongo juu ya nguo aliyovalishwa mama yake kaburini? Wakasema ni kweli.

Kwisha. Viwanja ni vya Minazini. Sisi tumepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Jumatatu, 27 Januari

Nimekaa kimya maisha yangu yote. Nimesema mara moja, nikawapa Minazini wafu wetu.

Alhamisi, 30 Januari

Wanawake wanasema si kosa langu, kwamba hata nisingesema tungeondoka tu. Kweli. Lakini Babu na Mama wangebaki wetu. Baba hajanilaumu. Amerudi Nyamisati siku mbili kabla ya siku yake.

Ninamchukia Mwinyi. Ninawachukia hata wenzetu, kwa upole wao. Halafu Bi Mwasiti wa jirani kaniletea uji wa mchele, kakaa nami mpaka nikaumaliza. Nikaona aibu.

Jumamosi, 8 Februari

Wamefukua. Stendi haijengwi juu ya makaburi, na Mwinyi, aliyetambuliwa kuwa mwenye wafu, kaamua wahamishwe.

Wamezungushia khanga na mashuka pande zote. Sanda mpya zimetoka Minazini, za leo pia. Baba alilifukua kaburi la Mama peke yake. Mtu akimkaribia na jembe alimwangalia tu, yule mtu akarudi nyuma. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Nilisikia jembe linavyoingia mchangani, nikajua ni la Baba, maana yeye huguna kila anapoinua.

Wamezikwa upya Minazini, kwenye pembe ya chini, karibu na uzio. Imamu kawaombea dua nzuri. Kawaita ndugu zetu. Nimesubiri maisha yangu yote kusikia mtu wa Minazini akituita hivyo, na waliosikia ni mifupa.

Mwanaidi alikuwa anagawa maji. Alinipa mimi wa kwanza, macho yake chini. Nilikuwa na kiu. Sikuyanywa.

Wafu wetu wamepata mahali. Sisi hatujapata.

Jumapili, 23 Februari

Tumehamia Mtunda. Mjomba, kaka yake Mama, katupa chumba na kipande cha shamba. Watu wa hapa ni wema. Wanauliza habari zetu, tunajibu njema.

Matokeo yametoka, nimefaulu. Nilimwambia Bibi. Akasema Alhamdulillahi, akaendelea kumenya mihogo.

Ni Shaabani. Kila mwaka mwezi huu Bibi humzuru Babu kabla ya mfungo. Zamani ilikuwa kutoka mlango wa nyuma tu. Sasa ni safari, na uzio wa Minazini una kufuli, ufunguo uko kwa Mwinyi. Baba alimwambia atampeleka, watauomba huo ufunguo. Bibi akasema haendi kubisha hodi kwa mtu ili amsalimie mumewe.

Leo baada ya alasiri alitandika mkeka uani. Akaniuliza makaburi yako upande gani. Nikamwonyesha, kule barabara inakopinda. Sina hakika kama ndiko. Hakuuliza tena, akageukia huko akaanza Yasini. Sauti yake siku hizi inakatika. Alipofika katikati ikakatika kabisa.

Nikaketi nyuma yake nikaipokea sura pale alipoachia. Watoto wa Mjomba walikuja wakasimama kututazama. Nilisoma kwa sauti mpaka mwisho.