Mpini Mrefu wa Mama Mkwe

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu Baraka,

Kamwene, hujambo huko Mbeya? Sisi huku Mafinga wazima, viazi vimekubali, na dada yako ndiye anayeniandikia haya. Aliponisomea barua yako kwamba unatafuta draiva, nilidhani umenunua gari! Kumbe ni fimbo ya kupigia gofu.

Unataka ndefu na ngumu kama ya bosi wako, wasikucheke. Mjinga wewe. Nilipoolewa, siku ya kwanza shambani nilibeba jembe la mama mkwe lenye mpini mrefu kuliko yote, anione mimi ndiye mke. Kufika saa nne viganja vimechubuka, matuta yameenda upogo. Nikajua leo narudishwa kwetu. Mama mkwe akaitazama mikono yangu.

"Wewe mtoto, umekuja kulima au kutuonyesha jembe?"

Akachukua msumeno, akaukata mpini wake mwenyewe, ukanitosha.

Basi nunua nyepesi, mpini unaonyumbuka, kichwa kipana kisichokosa mpira. Wakicheka, waache. Kesho yake matuta yangu yalinyooka, na hakuna aliyeuliza urefu wa mpini.

Ni mimi bibi yako, mke wako wa Mafinga.