Jedwali Lililofunguka Kwangu Tu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekuachia walau kidogo, na shemeji naye amepunguza kukoroma ili upate usingizi. Mimi mwili hauna neno, ila moyo haujatulia. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu: kwenye simu ningeanza kukutania, kisha ningekata kabla ya kufika penyewe.

Jumapili Mama aliniambia kwamba Alhamisi unaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya kituo chenu cha afya. Alisema wanakushutumu kwamba ulimpa yule mtoto mwenye degedege dawa kwa kukisia, akalala kutwa nzima hadi mama yake akapiga mayowe, ilhali jedwali la vipimo vya dawa lilikuwepo kwenye tovuti inayosimamiwa na ofisi yetu. Ulipojitetea kuwa jedwali halikusomeka, wakakutolea jibu la ofisi yetu linalosema tovuti ilikuwa nzima. Mama akaniuliza kama mimi ninayefanya kazi hukohuko siwezi kukusemea. Nilimjibu nitaangalia.

Ngoja nikueleze ulichokiona. Lile jedwali ni faili kubwa, kwa hiyo tunalibana liwe dogo, lifike upesi hata kwenye intaneti ya kusuasua kama ya kituoni kwenu. Lakini seva ikituma faili lililobanwa, lazima itangulize mstari wa maelezo unaokiambia kivinjari kwamba hili limebanwa, kilifungue kwanza kabla ya kulionyesha. Mstari usipokuwepo, kivinjari hulionyesha vilevile lilivyo, nawe unaona alama za ajabu ajabu, kama paka kapita juu ya kibodi. Wiki ile tulihamia seva mpya. Mafaili yote yalihama, mstari ule ukasahaulika.

Malalamiko ya kituo chenu yalifika ofisini saa tatu kasoro asubuhi. Aliyeyapokea alifungua jedwali kwenye kompyuta yake, likafunguka safi kabisa. Hakujua kwamba kivinjari chake kilikuwa kinamwonyesha nakala ya jana yake kiliyojiwekea, wala hakikwenda kwenye seva. Akajibu kwa kujiamini kwamba tovuti haina tatizo, kompyuta yenu ndiyo kuukuu, mzime na kuwasha upya. Siku mbili baadaye alifuta nakala zote za zamani, akakutana na alama zilezile. Akaurudisha mstari kimyakimya. Ilikuwa wiki ya kupandishwa vyeo, akaogopa, hakumwambia mtu.

Dada, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Acha kujikuna kwingine: mtu huyo ni mimi. Jina la kituo chako nililiona. Nikajiambia aliyeandika ni mwenzako wa zamu, ingawa “fanyeni hima jamani, mtoto yuko mikononi” ni wewe mtupu. Kukosea nilikosea bila kujua. Kunyamaza nilinyamaza nikijua, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi nashindwa kumtazama Mama.

Nimeambatanisha kumbukumbu za seva za siku ile, zinazoonyesha saa na dakika faili lilipotoka bila mstari wake, pamoja na barua yangu kwa kamati niliyoitia sahihi kwa jina langu kamili. Mkuu wangu wa kitengo nimempa nakala leo mchana. Aliisoma amesimama, akaniambia nikabidhi funguo. Usinihurumie kwa hilo, na tafadhali usije ukazificha karatasi hizi ili kunilinda, maana nakujua.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama nitamwambia mwenyewe kesho, usimtangulizie habari. Alhamisi nitakuwa nje ya mlango wa kamati tangu saa mbili asubuhi, iwapo watataka kuniuliza. Ukitoka na hutaki kuniona, nipite tu, Dada. Sitakuita.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda