Mama Amezikwa kwa Wimbo wa Chama

Jumapili. Mvua ilianza kabla ya misa na bado inanyesha. Nimekaa kwangu Muhumba, mlango nimeufunga, na kinyaa hakinitoki.

Ninaandika kinyaa maana nimetafuta neno lingine nikalikosa. Tangu jana najisikia kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika, na ladha imemganda mdomoni.

Mama aliuza unga wa muhogo sokoni Kadutu maisha yake yote. Alipanda kile kilima na mzigo mgongoni, kamba imemkaa kwenye paji la uso, na jioni akifika nyumbani aliketi kwanza kabla ya kusalimia mtu. Nilipoanza kufundisha korali ya parokia, nilimtungia wimbo juu ya kule kuketi. Wimbo mfupi tu. Mimi naanza, "Umetembea sana, keti," na korali inajibu, "Mama." Aliupenda mpaka nikaona haya, maana aliwaimbia hata wateja. Mwezi huu, akiwa mgonjwa kitandani, alirudia alichokuwa akisema siku zote: "Siku yangu, munizike na ile. Musiimbe ingine."

Hilo tu ndilo aliloniomba.

Lakini wimbo wenyewe ulikuwa umeshachukuliwa. Kikundi cha animasyon cha komini yetu, wale wanaocheza kwenye mikutano ya chama kumsifu Guide, maana yake Kiongozi, yaani rais, waliusikia parokiani wakaondoka nao. Wakaukimbiza, wakautia ngoma na makofi matatu, na maneno wakayabadilisha: "Umetukomboa sisi, tawala." Watu wanajibu, "Guide." Kwa midomo ya kwetu ni Gidi, kwa hiyo linakaa vizuri kabisa pale alipokuwa mama. Nilikwenda kwa mkuu wa kikundi, nikamweleza kwa heshima kwamba ule ni wimbo wa mama yangu. Alinisikiliza akitabasamu, akaniita mwananchi kama chama kilivyoagiza.

"Citoyenne, shukuru. Ilikuwa wimbo ya mama moya, sasa iko ya Zaïre muzima. Ao hautaki?"

Hilo "ao hautaki" nililijibu kama kila mtu anavyolijibu. Nilisema nimeshukuru. Tangu hapo unaimbwa kila asubuhi shuleni kwetu mbele ya bendera, na mimi mwalimu ndiye ninayewaongoza watoto kwa mkono.

Jana tumemzika. Karibu soko zima lilikuja. Wanawake wenzake walivaa vikwembe, vitenge vyao vizuri kuliko vyote, na vikwembe vizuri siku hizi ni vile vinavyogawiwa na chama, vyenye uso wa Guide. Kwa hiyo alikuwepo kila mahali: vifuani, matumboni, na kwenye makalio ya Tantine, mdogo wake mama, akikunjamana kila Tantine alipoinama kulia. Mkuu wa chama wa mtaa wetu alisimama karibu na padiri, abacost yake, lile koti la chama la bila tai, imefungwa vifungo hadi shingoni.

Nilianza polepole, kama zamani. Mara ya kwanza korali ilijibu "Mama," nikafikiri tumevuka. Mara ya pili nikasikia makofi nyuma yangu. Matatu. Sikugeuka. Kisha viuno vya wale wanawake vikaanza, kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta unga, na nilipofika kwenye "keti" watu wote wakajibu:

Gidi.

Hakuna aliyekusudia. Niliziona nyuso zao, walikuwa wanalia kweli. Midomo ilijibu yenyewe. Tantine aliziba mdomo wake kwa mkono, akanisogelea, akanong'ona, "Banyamazishe, mutoto yangu." Nani angewanyamazisha? Ukilikata jina lile katikati, mbele ya abacost ile, jioni unaweza kulala mahali ambapo ndugu zako hawatapajua. Tukaimba hadi mwisho. Mama aliteremshwa kaburini kwa jina la yule.

Mkuu wa chama alikuja kunishika mkono. "Citoyenne, mumemuzika muzuri. Militante wa kweli wa chama."

Nilitaka kutapika juu ya viatu vyake. Nikasema merci.

Na hili nitaliandika pia. Yale makofi matatu, na mimi niliyapiga. Karibu na mwisho mikono yangu ilikutana kabla sijajua, juu ya kaburi la mama yangu mzazi. Nimeiosha sijui mara ngapi tangu jana.

Jioni Tantine alikaa nami jikoni. "Utunge wimbo ingine ya siku ya kumaliza kilio," aliniambia. "Ile ya kwanza balisha kuikula."

Basi leo baada ya misa nimejaribu. Ulikuja vizuri, mwanzoni. Pakatokea mahali pazuri pa watu kuitikia. Nikapafuta, maana wangeitikia. Palipokuwa na mdundo unaovuta mguu, nikauvunja. Neno "mama" nimelisukuma katikati ya mstari mrefu, limebanwa na maneno mengine pande zote, ili mtu asiweze kuling'oa akaweka lake. Kila kilichopendeza nilijiuliza kwanza wale watu watakifanyia nini, kisha nikakitoa.

Hakuna aliyeniamuru. Mkuu wa kikundi yuko kwake, pengine amelala usingizi wa mvua. Kazi yake yote nimeifanya mimi, peke yangu, mlango umefungwa.

Naona kinyaa.

Sasa umekwisha. Nimeuimba kwa sauti ya chini kuujaribu. Uko salama. Hakuna atakayeutamani, hakuna atakayeweza kuucheza, na siku ya kumaliza kilio ndio nitakaouimba.

Nimeuimba mara ya pili, nikingojea machozi. Hayakuja.