Itoka Mpakani

Kiandutu, Thika

Mama yangu mpendwa,

Magoti yanaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila mdomo haujakonda. Juzi kwenye simu ulisema niache kufundisha watu kupanda mboga na miche kwenye kiwanja cha kuazima, nirudi nyumbani. Ikakatika kabla sijajibu. Jibu ni hapana.

Kiwanja tuliazimwa na kanisa. Jirani, mwenye nyumba za kupangisha, anakitamani kitalu chetu apate pa kuegesha magari. Mimi bila kujua lolote nikapanda itoka pembeni, yale maua meupe yenye michirizi ya waridi, yawapendeze watoto wa darasa la Jumamosi. Cucu Wairimu (cucu ni bibi huku), tunayetunza naye kitalu, alipoyaona akashika kiuno.

"We Mghoi! Hii sisi watu wa huku tunaweka kwa mpaka. Ukiing'oa, laana inafuata hadi watoto wako!"

Nikataka kuyaondoa, akanizuia: hata mimi niliyepanda, marufuku. Bahati nzuri nilikuwa nimefuata mawe ya mpaka wa kanisa.

Jumatatu jirani akaja na wafanyakazi watatu. "Ng'oeni hii takataka!"

Wakatazamana. "Boss, hiyo hapana. Tupatie kazi ingine."

"Basi ng'oa wewe mwenyewe," Cucu akamwambia. Mtu mzima na suti yake akainama, akanyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. Nilicheka, Mama, wala sikuona haya.

Ndipo akanigeukia. "Wewe si wa hapa. Ukirudi kwenu, hayo yote yatakauka." Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Miche ile ya miiri, miti ya asili ya huku, na mikuyu, watoto wa mtaa huu wameimwagilia kwa maji ya kubeba mgongoni. Nikamwambia sitoki, na nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Ameapa kurudi na watu wa mbali wasioijua itoka. Aje. Atanikuta nimesimama katikati ya kitalu, pamoja na Cucu wangu.

Msalimie Baba Mdogo fundi viatu, na Shangazi wa kwaya. Kaka anayesema nimesomea kilimo nikaishia kupanda sukuma wiki kwenye magunia, mwambie wenye magunia wanakula.

Nawe, Mama, usiniombee nirudi. Niombee mvua.

Binti yako mkaidi,
Mghoi