Injini Haijui Tangi Lina Kiasi Gani

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umekaa mpaka saa nne, ukaondoka bila jua kutokea. Baridi ya kufanya spana iume mkono. Sina furaha wala huzuni. Nina grisi kwenye kucha, na nina jambo moja la kuandika kabla halijaanza kujipamba kichwani.

Kirikuu kimepona.

Kwa asiyekijua, ni kigari kidogo cha mizigo kilichokuja kutoka Japani kikiwa kimeshamtumikia mtu mwingine maisha yake yote. Injini iko chini ya kiti. Ukitaka kuiona unainua kiti kama mfuniko wa sanduku. Mlangoni kuna maandishi ya Kijapani ambayo hakuna anayejua yanasema nini. Msimu huu kazi yake ni kubeba kahawa mbivu kutoka mashamba ya mlimani, yetu na ya majirani, mpaka kwenye mashine ya kumenya. Kahawa mbivu haisubiri. Ikilala kwenye gunia inachacha.

Dereva wake tangu kilipofika ni baba mdogo Osmundi, anayemfuata baba kwa kuzaliwa. Ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye uwanja wa shule, akiwa amekaa nyuma kwenye bodi ili asinione nikiogopa.

Mwezi wa tano kilianza kuzima njiani. Asubuhi kinawaka vizuri, kinakwenda kilomita kadhaa, kikianza mlima kinakohoa, kinazima. Ukikaa robo saa kinawaka tena kama hakikuwa na neno. Fundi wa Mbinga mjini alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akaweka chujio jipya la mafuta, mwisho akailaumu koili na kuibadilisha nayo. Kikarudi nyumbani, kikazima vilevile.

Baba mdogo alikuwa na maelezo yake. Alisema tusijaze tangi. "Kikishiba hakitaki kazi," alisema, watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini aliendelea kusema kila asubuhi: wekeni nusu, kikiwa na nusu kinafika mbali zaidi.

Mimi sikucheka. Mimi nilifikiri.

Nimesoma fizikia miaka mitatu chuo kikuu, na sasa niko nyumbani nasubiri ajira. Katika kusubiri huko nimejipa kazi ya kuwa mtu anayejua. Nilipiga hesabu hivi: dereva anayeomba tangi lisijazwe ni dereva anayeuza mafuta njiani na kusingizia gari limezima, asiyetaka yaliyotumika yapimwe. Tangi likijaa, kila mtu anajua lilianza na kiasi gani. Likiwa na nusu, ni nusu ya nani?

Kwetu, Jumapili baada ya misa, ukoo hukutana uani kwa bibi. Wazee bado wanaita mkutano ule sengu, ingawa wanasema zamani walikuwa ni wanaume wakila pamoja na kusemezana, na siku hizi hata sisi mabinti tunakaa na tunasema. Kanuni moja imebaki. Neno lililosemwa pale limesemwa mbele ya wote, na halifutwi pembeni. Ukikosea, unalirudisha palepale, mbele ya watu walewale.

Wiki tatu zilizopita nilisema pale. Sikupaza sauti. Nilisema injini haijui tangi lina kiasi gani, kwa hiyo asiyetaka tangi lijae ni mtu, siyo gari.

Kisha nikakaa. Niliona sentensi imekamilika.

Hakuna aliyeniuliza nina maana gani. Baba mdogo alitoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya mkeka, akaendelea kukaa mpaka watu wakaanza kuondoka. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi nikahesabu hilo pia kuwa ushahidi. Kesho yake alichukua mke na watoto wakaenda Chiwanda, ziwani, kwa wakwe zake, karibu na mpaka. Tangu siku hiyo yuko huko anasaidia kuanika dagaa. Mtu aliyezaliwa ndani ya kahawa.

Nakiri hili kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza: siku zile nilijisikia safi.

Gari likaendelea kuzima. Baba alijaribu kuliendesha akaacha. Majirani wakaanza kupeleka kahawa kwa bodaboda, gunia moja moja. Juzi mama alikuwa kichanjani anachambua kahawa, akasema bila kuniangalia, "Dereva ameondoka, gari bado linazima. Sasa anaiba nani?"

  Alitupa punje mbovu chini, akaendelea.

Kwa hiyo leo nimechukua daftari.

Nimefanya kama tulivyofanya maabara: badilisha kitu kimoja, vingine viache. Safari ya kwanza, tangi chini kidogo ya nusu. Kilomita tisa, kikazima kwenye mlima wa pili wa barabara ya Kigonsera. Nikasubiri robo saa nikitazama ukungu, kikawaka, nikageuza. Kurudi ni mteremko, kwa hiyo hakikulalamika. Nyumbani nikajaza tangi kwa dumu mpaka juu kabisa. Kizibo kilinisumbua kidogo kutoka, nikadhani ni baridi. Safari ya pili, barabara ileile, gia zilezile. Kilomita tatu na nusu, kikazima.

Nilikaa kwenye usukani nikitazama namba mbili. Tisa. Tatu na nusu. Maneno ya baba mdogo yalikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Safari hii sikusubiri. Nilishuka, nikaenda ubavuni, nikashika kizibo cha tangi ili nihakikishe tu kwamba petroli ipo. Kizibo kiligoma. Nikakizungusha kwa mikono miwili. Kilipoachia, tangi lilivuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyetolewa kichwa majini, na bati la chini likalia *to* lilipojirudi mahali pake.

Nikarudi kwenye usukani. Kikawaka mara moja.

Kile kizibo nilikitengeneza mimi.

Cha asili kilidondoka njiani kwenda Mbamba Bay mwezi huohuo wa tano. Kwetu dumu la pombe au la togwa huzibwa kwa gunzi la mahindi, kila mtoto anajua, basi nikachukua gunzi. Lakini kwenye milima petroli ilikuwa inaruka na kulowesha gunzi, magunia yakanuka, na siku moja kwenye mashine wakatukatalia mzigo mzima. Nikatafuta dawa. Nikakata nailoni ile nene ya ndani ya mfuko wa mbolea, nikaivika gunzi safu mbili, nikakaza kwa mpira wa tyubu. Halikuvuja tena hata tone. Nakumbuka nilimwonyesha baba, na baba akawaonyesha watu.

Petroli haikutoka. Hewa nayo haikuingia.

Mafuta yakinyonywa kwenda kwenye injini, lazima hewa ishike nafasi yake. Isipoingia, tangi linaanza kuvuta kurudi nyuma, mpaka pampu inashindwa. Tangi likiwa nusu, ndani kuna hewa nyingi ya kutanuka, linavumilia kilomita tisa. Likijaa, hewa ni kidogo, linakaba upesi. Robo saa ya kupumzika ni muda wa hewa kujipenyeza taratibu. Haya ni mambo ya mwaka wa kwanza. Niliyafanyia mtihani, nikafaulu.

Injini kweli haijui tangi lina kiasi gani. Tangi linajua. Na mtu anayeliendesha kila siku anajua, hata kama hana jina la kukiita anachokijua.

Bibi yangu hawezi kukosea hivi. Anaziba dumu la pombe kwa gunzi tupu kwa sababu gunzi linapumua. Ukiliziba kabisa, dumu linavimba. Ni lazima uwe umesoma kidogo ndipo uvike gunzi nailoni, na uwe umesoma zaidi kidogo ndipo umtafute mwizi.

Nyumbani nilivua nailoni. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikatoboa gunzi katikati kuanzia juu mpaka chini, nikafunga kitambaa juu ili petroli isiruke sana. Jumatatu nitatafuta kizibo halisi mjini. Tangi likiwa limejaa nikapanda mlima wa kwanza, wa pili, nikapita pale kinapozimaga, nikaenda mpaka Kigonsera kanisani, nikageuza. Sikushangilia. Nilikuwa na mawazo ya barabara ya kurudi tu.

Baba alikuwa amesimama uani. Alisikia mngurumo akajua. Nilimweleza yote, pamoja na nailoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua gunzi, akachungulia tundu, akalirudisha mkononi mwangu.

"Sema ni kabureta," alisema. "Fundi hatabisha. Osmundi atarudi, yataisha."

Namwelewa. Mimi ni binti wa kwanza wa ukoo kuvaa joho. Baba ameninukuu kwenye vikao ambavyo sikuwepo. Alikuwa ananipa njia ya kutoka, na aliitoa kwa upole, kama mtu anayekusogezea kigoda.

Nami niliikalia kwa muda. Naandika ukweli: niliipenda.

Kisha nikaifuata mpaka mwisho wake. Kabureta inachafuka kwa mafuta machafu. Mafuta machafu yanaletwa na aliyeyanunua, na aliyekuwa ananunua mafuta ni mmoja. Nikisema kabureta, gari linapona, mimi napona, na baba mdogo anarudi na kosa lililobadilishwa jina tu. Nilimwambia baba hivyo.  Alikwenda kufunga mbuzi.

Saa kumi nikapiga simu Chiwanda.

Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari ya bibi, ya kahawa, ya mguu wa mama. Alijua sikupigia hayo. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ripoti, maana nilijua nikipanga vibaya nitalia, na sikutaka kumpa kazi ya kunibembeleza.

Swali lake la kwanza juu ya hayo lilikuwa la kifundi. "Nailoni safu ngapi?"

"Mbili."

Akacheka sana. Nikamsikia anageuka kumweleza mtu pembeni, "Kumbe alilifunga pua." Kisha kicheko kikaisha.

"Mwanangu," alisema, "mimi haya ya simu yamenitosha. Lakini mama yako mdogo alikuwepo siku ile. Wanangu walikuwepo, walinitazama."

"Nitasema palepale, baba mdogo."

"Haya. Tutapanda gari la alfajiri. Wote."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Nadhani kuuliza kungekuwa kuomba kitu kingine juu ya kile nilichokwisha kuchukua.

Nimekaa sasa kibarazani, mwanga bado upo. Nimeandika nitakachosema kesho. Toleo la kwanza lilijaa ukurasa mzima: hewa, ujazo, mgandamizo, mchoro wa tangi. Nililisoma nikaona kwamba bado nilikuwa nawafundisha. Nimelichana. La pili lilianza na "kwa bahati mbaya". Nimelichana pia. Yamebaki maneno machache, kwamba baba mdogo hakuchukua mafuta ya mtu, kwamba kosa la gari ni langu, na kwamba kosa la kumtaja ni langu zaidi, kwa sababu la gari sikulijua na la kumtaja nililifikiria.

Sijui kama atakubali kuendesha tena. Sijui wanawe watanitazama vipi. Hayo hayamo kwenye daftari, na siwezi kuyapima.

Kesho misa ya pili inaisha saa tano. Nitakuwa wa kwanza kufika uani.