Rozmari za Mama

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko, na wifi yangu hajambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kubishana na daktari? Sisi wazima. Mama anakula vizuri, ila macho ndiyo yamekwisha kabisa. Sasa hajui hata taa ikiwashwa.

Nakuandikia kuhusu kaka yetu. Tangu astaafu idara ya maji, bwana mkubwa huyu hawezi kuona udongo mkavu akatulia. Amezivamia rozmari za mama, vile vichaka kumi na viwili vya majani ya kunukia kutoka mlangoni hadi getini, anavimwagilia asubuhi na jioni. Mimea ya nchi kavu, inayotaka jua, kokoto na kuachwa ipumue. Mama aliinyunyizia maji mara moja moja tu, na haikukosa maua ya buluu.

Kilipokauka kichaka cha kwanza, mtaalamu akaamua kina kiu, akaongeza maji. Kilipokufa cha tano akaleta samadi. Niling'oa kimoja nikamwekea mizizi mezani, imeoza, nyeusi, inanuka kama kitambaa cha vyombo kilicholala na maji. Akasema ni ugonjwa wa hewa. Miaka thelathini ofisini, na hicho ndicho alichorudi nacho. Kuongea naye ni kumpigia mbuzi gitaa, na mbuzi angalau hatoi ushauri.

Wewe unajua mama anavyovitumia vichaka hivyo. Hushika kimoja, akanusa vidole, akashika kinachofuata, mpaka getini, bila kuongozwa na mtu. Hana pengine anapokwenda peke yake.

Vimebaki vitatu vya mlangoni. Juzi alivishika vyote, akanyoosha mkono mbele, hakukuta kitu. Akasimama kidogo, akageuka kurudi ndani. Nilikuwa nyuma yake na sikuthubutu kusema neno. Nimejidharau kuliko ninavyomdharau kaka.

Nimekata vijiti vya hivyo vilivyobaki, nikavichomeka kwenye kopo la mchanga chumbani kwangu. Vikitoa mizizi nitavipanda, lakini si mbele ya ndoo ya yule mtu. Mwandikie wewe afunge bomba. Watu wa aina yake husikia sauti za mbali tu.

Wabusu watoto. Shangazi anawasalimu nyote. Kaka hajaleta salamu, yuko nje anafanya kazi yake.

Mama anakuombea afya na riziki ya halali. Ameniagiza nikuambie usiwe na wasiwasi naye, miguu ina nguvu, siku hizi anafika getini upesi kuliko zamani.

Wako akupendaye daima,
Dada yako